Datsun 240Z ya mzee: jinsi ya kuiuza bila kuiharibu

Kila anayetaka kuuza gari la zamani hupata fundi mwenye huruma. Atalizunguka gari mara mbili, atapitisha kidole kwenye vumbi la boneti, kisha atasema: "Mzee, hii tuinyooshe bodi kidogo, tuipige rangi, viti tuvishone upya. Hapo utapata mnunuzi wa maana." Hasemi kwa ubaya. Ingekuwa Probox, angekuwa sahihi. Lakini kwa Datsun 240Z iliyokaa kwa mwenyewe mmoja tangu miaka ya sabini, ikiwa na rangi ile ile iliyotoka nayo kiwandani Japani, ushauri huo utakula pesa zako mara mbili. Kwanza unamlipa fundi, halafu mnunuzi anakukata bei kwa sababu ya kazi hiyo hiyo uliyoilipia.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na gari la namna hiyo, au aliyeachiwa na mzazi, na sasa ameamua kuliuza. Nauandika nikiwa na 240Z akilini kwa kuwa ndiyo gari la spoti la zamani linalotugusa zaidi huku kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari wakiwa na 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia kwa gari la aina hiyo hiyo, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine. Ukiwa na MGB, Alfa Romeo au Porsche 911 ya miaka hiyo, karibu yote yaliyomo humu yanakuhusu pia. Kitakachobadilika ni mahali pa kusoma namba na mahali pa kutafuta kutu.

Kwanza, usiguse kitu

Februari 2015, jijini Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza magari ya familia ya Baillon, yaliyokuwa yameachwa mabandani kwa miongo kadhaa. Mojawapo lilikuwa Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961, iliyokutwa imefukiwa chini ya marundo ya majarida. Ilinunuliwa kwa zaidi ya yuro milioni 16, na vumbi lake. 240Z si Ferrari, na banda la nyuma ya nyumba yako si Paris, ila sababu ni ile ile: anayenunua gari lisilokarabatiwa analipia ushahidi. Rangi ya kiwandani humwonyesha kwamba gari halijagongwa likafichwa. Lehemu za kiwandani humwonyesha kwamba sakafu ni ile ile. Ukishapaka rangi mpya, ushahidi wote huo umeufunika, naye atabaki akijiuliza unaficha nini chini yake.

Nakuru tulikuwa na jirani mwenye 240Z ya rangi ya dhahabu, ile namba 920 ambayo wapenzi wa gari hili huiita Safari Gold. Kabla ya kutangaza aliipiga msasa yote, akaipaka nyekundu ya kung'aa, akavua rimu za chuma za inchi 14 na kufunga za alumini. Mnunuzi alipofika alikuwa na sumaku mfukoni. Aliizungusha kwenye bodi bila kusema neno, akapata sehemu mbili ambapo sumaku haikushika kwa sababu ya filla, ile lipu ya kujazia bodi, kisha akauliza rimu za zamani ziko wapi. Zilikuwa zimeshafungwa kwenye mkokoteni wa kuuzia maji. Gari liliuzwa, ndiyo, lakini kila mtu mtaani alijua nani aliyecheka siku ile.

Unachoruhusiwa kufanya sasa hivi ni kuzuia uharibifu usiendelee. Ziba paa linalovuja juu ya gari. Ondoa betri, maana asidi yake hula chuma kilicho chini yake. Fukuza panya kabla hawajamaliza nyaya. Kama liko Mombasa au Tanga, litoe kwenye hewa ya chumvi ukiweza, na turubai la plastiki lililobana ulivue: hufunga unyevu ndani na kutu hustawi kama mboga. Basi.

Karatasi kabla ya picha

Watu wengi huanza na picha, mnunuzi akapatikana, na ndipo logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, inapoanza kutafutwa kwenye masanduku. Mnunuzi hangoji. Anza na karatasi.

Kenya, soma logibuku ukiwa umesimama mbele ya gari, kwa tochi, herufi moja baada ya nyingine. Gari la miaka ya sabini limehamishwa kutoka daftari hadi daftari, likapita kwenye kompyuta za mamlaka ya kodi, KRA, kabla ya mamlaka ya usafiri, NTSA, kuundwa mwaka 2012, na katika kuhamishwa huko mikono ya watu hukosea. Namba ya chesisi ya 240Z ya usukani wa kulia huanza na HS30. Herufi S ikiandikwa 5, kwa mfumo hilo ni gari jingine, na kusahihisha huchukua muda. Hakikisha pia gari limeingizwa kwenye akaunti yako ya NTSA ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa sababu uhamisho wa umiliki huanzia huko, kwa muuzaji. Tanzania shughuli hii iko kwa mamlaka ya kodi, TRA, na hati unayoitafuta ni kadi ya gari.

Kama mwenye gari amefariki, simama hapo kwanza. Huwezi kuuza gari la marehemu kwa kuwa tu wewe ndiye kifungua mimba na funguo unazo. Kenya utahitaji mahakama ikupe usimamizi wa mirathi, na usimamizi huo uthibitishwe, ndipo uwe na mamlaka ya kuhamisha mali. Familia za Kiislamu huweza kupitia kwa Kadhi. Ni njia ndefu, lakini nimeona mauzo mazuri yakivunjika siku ya mwisho kwa sababu dada aliyeolewa mbali alisikia habari za gari kwa jirani. Mpigie simu leo.

Namba ya zamani ya usajili, ile ya herufi tatu na tarakimu tatu isiyo na herufi ya mwisho, iache ilivyo. Kwa mnunuzi ni sehemu ya gari.

Soma namba zilizogongwa kwenye chuma

Hapa ndipo 240Z inapompa muuzaji mwaminifu zawadi. Fungua boneti. Utaona kibati kilichofungwa ndani ya chumba cha injini, na juu yake kiwanda kimeandika ujazo wa injini, ambao ni sentimita za ujazo 2393, pamoja na namba ya injini na namba ya gari. Namba ya gari imegongwa tena kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku yenyewe, chini tu ya silinda hedi, ikianza na L24. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usikwangue kwa msasa wala brashi ya waya, kisha linganisha.

Kama namba ya bloku ni ile iliyo kwenye kibati, una gari lenye injini yake ya kuzaliwa, na hilo ulitaje kwenye sentensi ya kwanza ya tangazo. Kama hazilingani, pia litaje. Magari mengi yalibadilishiwa injini bila dhambi yoyote: injini ilikufa, fundi akaweka ya 260Z au ya gari jingine la familia hiyo ya injini, maisha yakaendelea. Linalomkasirisha mnunuzi ni kuligundua mwenyewe.

Tazama pia ni la awamu gani. Magari ya mwanzo kabisa, hadi mwanzoni mwa 1971, yana matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Baadaye matundu yalihamia kwenye nguzo za pembeni nyuma ya madirisha, yakafunikwa na nembo ya duara. Ya mwanzo hutafutwa zaidi.

Na jambo moja la kukulinda: unapoweka picha mtandaoni, funika tarakimu za mwisho za chesisi. Wapo wanaotafuta namba halali za kuvisha magari ya wizi. Mnunuzi wa kweli utamwonyesha zote akifika.

Kusanya kila kilichotoka kwenye gari hilo

Toa maboksi yote stoo. Kila boliti, kila kofia ya gurudumu, redio iliyovuliwa mwaka 1985, kile kipande cha mpira usichojua ni cha nini. 240Z ilikuja na jeki na vifaa vyake ndani ya visanduku vidogo vilivyo nyuma ya viti. Fungua vifuniko hivyo, huenda bado vimo. Tafuta kitabu cha mwongozo, risiti za gereji, stika za bima za zamani, barua ya benki ya mkopo wa kununulia gari, picha ya harusi ambayo gari linaonekana nyuma ya bibi harusi. Picha ya mwaka 1976 inayoonyesha namba, rangi na rimu zile zile ina nguvu kuliko maneno yako yote.

Risiti pia ndizo zitakazoamua kama unaweza kuongea habari za kilomita. Odometa nyingi za enzi hizo zina tarakimu tano tu. Zikifika 99,999 zinarudi sifuri na hakuna anayejua zimezunguka mara ngapi. Bila karatasi, andika "odometa inasoma kadhaa" na uishie hapo.

Kama mwenyewe yupo hai, keti naye jioni moja na simu ikirekodi. Usimhoji kama polisi. Muulize alilinunua wapi, safari ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda wapi, nani aliligonga pale nyuma kushoto, kwa nini aliacha kuliendesha. Wazee husema mambo ambayo hayamo kwenye karatasi: kwamba rediyeta ilibadilishwa Mtito Andei usiku, kwamba viti vya mbele ni vya awali lakini zulia si lenyewe. Andika yote, pamoja na mabaya.

Kuosha, na kuamsha injini

Liogeshe kwa maji, sabuni laini na sifongo. Usiruhusu mashine ya kung'arisha. Rangi ya umri huu imekonda, na kwenye kona za madigadi mashine hufika kwenye chuma kwa dakika chache. Stika ya klabu au ya mashindano ya mwaka 1974 kwenye kioo ni mali, usiikwangue. Ndani, vuta vumbi na ufute kwa kitambaa chenye unyevu. Dashibodi ya 240Z hupasuka kwa jua, na gari lenye dashibodi isiyo na nyufa ni adimu kiasi kwamba watu hupiga picha dashibodi peke yake. Yako ikiwa na nyufa, ziache hivyo hivyo. Kifuniko cha plastiki cha kubandika juu kinaonekana hata gizani.

Injini ni swali gumu zaidi. Gari linalowaka huuzika kwa urahisi, ila gari lililolala miaka kumi na tano likawashwa kwa pupa linaweza kujiua asubuhi moja. Kama wewe au fundi wako hamna subira, liuzeni bila kuliwasha na mseme hivyo. Wanunuzi wengi wa magari haya wanapendelea kuliamsha wenyewe.

Kama mna subira, njia ni hii. Toeni plagi zote sita, dondosheni oili kidogo ndani ya kila silinda, mliache siku moja au mbili. Kisha zungusheni injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma, acheni, ongezeni oili na ngojeni tena. Kamwe msilivute kwa kamba wala kulisukuma mteremkoni ili lizunguke kwa nguvu. Mwageni oili ya zamani, wekeni mpya na maji mapya. Petroli ya zamani itoeni yote, na msiifyonze kwa mdomo kama tulivyozoea: kama gari lililala kabla ya 2006, mafuta yaliyomo huenda ni ya enzi ya madini ya risasi, na hata yasiyo na risasi baada ya miaka hiyo ni sumu yenye harufu ya vanishi. Msilitegemee tangi mara ya kwanza. Lisheni kabureta zile mbili za Hitachi kutoka kwenye kidumu kidogo kilichofungwa vizuri, mbali na injini, na kizima moto kikiwa karibu. Zungusheni kwa stata plagi zikiwa nje hadi geji ya oili inyanyuke. Hapo ndipo mrudishe plagi.

Kuwaka si kutembea. Mipira ya breki imekauka, na matairi nayo. Soma tarehe ya tairi kwenye ubavu: tarakimu nne ni wiki na mwaka, na ukikuta tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Halifai hata kwenda dukani. Litabebwa na brekidauni ya kitanda. Lisikokotwe.

Picha: anza na kutu

Najua silika ni kupiga upande mzuri. Fanya kinyume. 240Z zote huliwa na kutu mahali pale pale, na mnunuzi anayejua atauliza picha hizo kabla hajauliza bei. Basi mpe kabla hajauliza: sinia ya betri na chuma kilicho chini yake, sakafu, ukiinua zulia pande zote mbili, reli mbili zinazopita chini ya sakafu, vizingiti vya milango, chini ya madigadi ya mbele, nyuma ya gurudumu, kile kipande kilicho mbele ya gurudumu la nyuma, mdomo wa chini wa mlango wa nyuma, na shimo la tairi la akiba. Pigia asubuhi au alasiri, kivulini, gari likiwa limetolewa nje. Jua la saa saba hudanganya rangi.

Kuthibitisha rangi ya kiwandani, piga mahali ambapo fundi wa rangi hafiki: chini ya zulia, ndani ya vile visanduku vya nyuma ya viti, nyuma ya taa za nyuma, kwenye mikunjo ya milango. Rangi ikiwa moja kote, na mipira ya madirisha haina matone ya rangi, picha hizo zitazungumza zenyewe. Malizia na video moja isiyokatwa ya dakika tano ukilizunguka gari, sauti ikiwa yako ya kawaida, ukitaja kila kasoro unapoifikia.

Bei

Nitakutajia namba moja ili uisahau. Januari 2020, kwenye mnada wa mtandaoni Marekani, 240Z ya 1971 iliyokuwa imetembea maili elfu ishirini na moja na ushei iliuzwa dola 310,000. Kila mwenye Datsun duniani aliisikia, na mabanda mengi yakafungwa kufuli siku hiyo hiyo. Hiyo ni gari moja, siku moja, watu wawili waliokataa kushindwa.

Bei yako itafute kwenye mauzo yaliyokamilika. Bei za matangazo ni matumaini ya watu. Tafuta magari ya usukani wa kulia kwanza, kwa hiyo Uingereza, Australia, Afrika Kusini na Japani, kwa sababu hao ndio watakaolishindania lako. Chukua yale yenye hali inayokaribia ya kwako, si yaliyokarabatiwa yakang'aa. Toa gharama za kulifikisha huko. Kinachobaki ni dari ya bei unayoweza kuota. Wathamini wetu wengi wamezoea Vitz na Probox na watakuandikia bei ya chuma chakavu kwa kufuata umri. Ukitaka karatasi ya uthamini, AA Kenya hufanya kazi hiyo, ila wapelekee mauzo uliyoyakusanya.

Mabroka watakuja mapema kuliko wote. Utawajua kwa neno la kwanza: "Boss, hii ni skrepa, lakini kwa vile ni wewe..." Skrepa haifuatwi kutoka Nairobi hadi Nanyuki.

Nani wa kumuuzia

Wanunuzi ni wa aina tatu, na wanataka vitu tofauti.

Wa kwanza ni mkusanyaji wa hapa hapa. Utampata kwenye vilabu na kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, yanayoandaliwa Nairobi na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu mwaka 1970, siku hizi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Nenda hata kama huuzi mwaka huu, usikie watu wanavyoongea. Bei yake huenda isiwe kubwa kuliko zote, lakini hakuna meli wala forodha, na gari utaendelea kuliona.

Wa pili ni mtu wa mashindano. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani kwenye vumbi letu, na 240Z ni mojawapo ya zinazopendwa humo. Mtu huyu anahitaji bodi imara tu; viti, zulia na dashibodi yako isiyo na nyufa atavitupa, atachomelea vyuma vya kukinga dereva, atakata na kuongeza. Sioni kosa, magari haya yalijipatia jina kwa njia hiyo hiyo. Lakini kumpa gari zima lenye rangi ya kiwandani ni kumuuzia mchonga mizinga mti wa matunda. Kama lako limeoza sakafu yote au halina injini yake, huyu ndiye wako, na mpigie wa kwanza.

Wa tatu yuko ng'ambo. Hapa kutokuguswa kwa gari kunaingia hadi kwenye kodi: Uingereza, gari la miaka 30 na zaidi, la modeli isiyotengenezwa tena na lililo katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa, linaweza kuingia bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20. Australia ni wakali kwa jambo jingine: tangu mwisho wa 2003 hawaruhusu chochote chenye asbesto kuingia, na breki, klachi na gasketi za miaka ya sabini mara nyingi zinayo. Hawataki pia udongo, kwa hiyo lile tope la Taita lililoganda chini ya gari tangu enzi za mzee litabidi lioshwe kabla ya kufika bandari ya Kilindini. Mkubaliane kwa maandishi nani anagharimia hayo. Kwa ukubwa hakuna shida. Urefu wa 240Z ni mita 4 na kidogo, unaingia kwenye kontena la futi 20 na nafasi ya maboksi ya spea inabaki.

Siku ya kuja kutazama

Mchana, nyumbani, na mtu mwingine wa familia akiwepo. Vitu vidogo, yaani nembo, vifaa vya jeki na kitabu, viweke mezani ndani ya nyumba na uvionyeshe mwenyewe, maana vina miguu. Mwache alale chini ya gari muda anaotaka. Akileta sumaku au kipima unene wa rangi, mkaribishe. Ndiye mnunuzi uliyekuwa ukimngoja. Kama gari linatembea na lina bima, endesha wewe. Yeye ataendesha akishaweka amana.

Wakati wa bei, mpe chai na unyamaze. Umeshaonyesha kasoro zote kwenye picha, kwa hiyo akianza kupunguza kwa ajili ya kutu ya sinia ya betri, mjibu kwamba kutu hiyo imo ndani ya bei tayari.

Pesa na makabidhiano

Amana ndogo inaweza kupita M-Pesa, lakini angalia salio lako mwenyewe, usiamini ujumbe ulioletewa kwenye simu, wala picha ya ujumbe, wala karatasi ya benki iliyoletwa na mtu mwenye haraka. Kiasi kikubwa kipite benki. Kinachozidi shilingi milioni moja kitapita kwa RTGS, yaani uhamisho wa moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Piga simu tawini kwako uthibitishe pesa zimeingia na haziwezi kurudishwa. Gari lisisogee hata hatua moja kabla ya simu hiyo. Mnunuzi wa ng'ambo naye alipe kabla kontena halijafungwa.

Mkataba uandikwe kwa wakili, mbele ya mashahidi. Utaje namba ya chesisi, ya injini na ya usajili, useme gari limeuzwa kama lilivyo, uorodheshe maboksi na kila kilichomo, na uweke tarehe pamoja na saa ya makabidhiano. Saa ni muhimu. Sheria ya Trafiki ya Kenya humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Likigonga mtu jioni ile ile njiani Naivasha, barua ya wakili itakuja kwako.

Kwa mnunuzi wa hapa, anzisha uhamisho kwenye eCitizen yeye akiwa amekaa pembeni yako, akubali papo hapo kwenye simu yake. Mmiliki mpya ana siku 14 za kuandikishwa kabla hajaruhusiwa kuendelea kulitumia barabarani, na wengi wanaoahidi "nitafanya wiki ijayo" bado hawajafanya. Gari linalotoka nchini lifutwe usajili NTSA, na wakala wa forodha akuachie nakala za hati ya kusafirisha na ya meli.

Kisha mpigie wakala wa bima usimamishe bima. Mpe mnunuzi funguo zote, pamoja na ile ya akiba yenye kitambaa chekundu, na kama rimu za chuma ziko kwa muuza maji, nenda ukazinunue kabla hajaondoka.